Wataita waliochukuliwa Kariakoo wasirudi: majina yao yatafutwe wapi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya upili huku Mwatate, Kaunti ya Taita Taveta. Mwaka huu niliwapeleka wanafunzi kwenye makaburi ya vita ya Voi na Taveta. Walisoma majina ya Waingereza na ya watu wa Afrika Kusini, kisha mmoja akaniuliza: "Mwalimu, sisi tumezikwa wapi?" Sikuwa na jibu. Baba wa babu yangu alitoka Bura akaenda Kariakoo, yaani kikosi cha wachukuzi wa mizigo wa Waingereza katika Vita vya Kwanza, pamoja na mdogo wake. Mdogo alirudi, yeye hakurudi. Nyumbani tunaambiwa alibaki Kilwa, "akiharisha damu." Nimemtafuta katika orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola (CWGC) kwenye intaneti, sikumpata. Sasa tumeunda kamati ndogo ya kuandika orodha ya watu wa kaunti yetu waliokufa katika vita vyote viwili vya dunia. Wenzangu wengine wanataka mnara ujengwe mara moja. Tuanzie wapi?

JIBU: Mwalimu, asante kwa barua yako. Nimeirudia mara kadhaa, na kila mara nimesimama pale pale: alibaki Kilwa, akiharisha damu. Familia yenu imeyabeba maneno hayo kwa zaidi ya miaka mia moja bila kipande cha karatasi. Nakuomba usiyahesabu kuwa masimulizi tu ya nyumbani. Ni ushahidi, na nitayarudia mwishoni kwa sababu yanasema mengi kuliko unavyodhani.

Kwanza nikueleze kwa nini hukumpata. Kosa si lako, wala si la tahajia peke yake, ingawa tahajia nayo ina visa vyake. Hayumo kwa sababu watu wa namna yake hawakuandikwa, na kutoandikwa kwao kuliamuliwa na watu waliokaa mezani wakakubaliana.

Ninyi mnaishi juu ya uwanja wa vita. Wajerumani walivuka mpaka wakaiteka Taveta tarehe 15 Agosti 1914, vita havijatimiza wiki mbili, wakaikalia kwa miezi 19. Mwaka 1915 Waingereza walijenga reli kutoka Voi kuelekea Maktau. Julai mwaka huo walishambulia Mbuyuni wakarudishwa nyuma. Tarehe 12 Februari 1916 wakaupanda mlima wa Salaita, wakarudishwa tena. Ni Machi 1916, baada ya mapigano ya usiku kwenye vilima vya Latema na Reata, ndipo njia ya kwenda Moshi ilipofunguka. Katika miezi yote hiyo, reli ilipoishia, kila gunia la unga na kila sanduku la risasi lilisafiri kichwani mwa mtu.

Kisha vita vikashuka kusini: Morogoro, Rufiji, Kilwa, Lindi, hata Msumbiji. Mbung'o waliwamaliza farasi, nyumbu na ng'ombe, magari yakazama matopeni, akabaki mwanadamu. Sheria ya kuwakamata watu kwa lazima ilikuwepo tangu 1915, lakini mwaka 1917 ndio uliozisomba nyumba. Serikali ilimpa John Ainsworth kazi ya kukusanya wachukuzi wilaya kwa wilaya, naye akawakusanya kupitia machifu. Jina la Kiingereza la kikosi hicho cha wachukuzi, Carrier Corps, ndilo ndimi zetu zililoligeuza kuwa Kariakoo. Dar es Salaam likabaki kuwa jina la mtaa na soko, Nairobi likabaki kuwa Kariokor, na leo wengi wananunua vitambaa na kuku pale bila kujua kwamba wamesimama mahali palipopewa jina la wachukuzi wa vita.

Waingereza waliwatumia wachukuzi na vibarua wapatao milioni moja katika vita hivyo vya Afrika Mashariki. Hesabu rasmi ya waliokufa inapita 95,000, na kwa Kenya peke yake makadirio ya wanahistoria yanapita 40,000. Wengi hawakupigwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu, malaria, na chakula. Narudia, chakula. Mtu aliyezoea vyakula vya milimani alipewa unga wa mahindi, akaupika nusunusu kwa sababu kuni zimelowa na safari inaanza alfajiri. Tumbo likakataa. Baada ya siku chache hawezi kusimama, na mzigo wake unagawiwa wenzake.

Mlipokuwa Voi huenda wanafunzi waliliona kaburi la Luteni Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Melbourne, Australia. Aliuawa karibu na Maktau tarehe 3 Septemba 1915 baada ya kukataa kuwaacha majeruhi, na akapewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa katika jeshi la Uingereza. Anastahili kaburi lile na jina lile. Ila maji aliyokunywa asubuhi ya siku hiyo na risasi alizokuwa nazo zilifikishwa na mikono ya watu wengine, na kaburi la yeyote kati yao hamtalipata pale.

Tume ya Makaburi ya Vita iliundwa mwaka 1917 kwa kanuni nzuri kabisa: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, bila kutazama cheo, dini wala rangi. Ulaya kanuni hiyo ilishikwa. Huku kwetu maofisa walishauriana wakakubaliana kwamba Mwafrika hahitaji jiwe lenye jina. Gavana wa Tanganyika wakati huo, Horace Byatt, alitoa rai kwamba makaburi makubwa ya wachukuzi, Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi porini haraka iwezekanavyo. Na yakarudi. Badala ya majina zikasimamishwa sanamu za askari na wachukuzi katika miji mitatu: Mombasa, Dar es Salaam mwaka 1927, na Nairobi mwaka 1928. Maandishi yake, kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, huwaita wachukuzi miguu na mikono ya jeshi, kisha huahidi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Siku mtakapowapeleka wanafunzi Mombasa, wasimamisheni mbele ya maneno hayo, kisha waambieni walizunguke jiwe lote watafute jina moja tu la mchukuzi.

Ilichukua hadi Aprili 2021 Tume yenyewe kukiri. Ripoti ya kamati iliyoichunguza ilisema Waafrika na Waasia kati ya 45,000 na 54,000 waliofia Vita vya Kwanza walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, huenda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza wa wakati huo, Ben Wallace, naye aliomba radhi bungeni. Tangu hapo Tume ina programu ya kuwatafuta waliosahauliwa, kwa hiyo mlango ambao ulikuwa umefungwa kwa babu yenu sasa uko wazi kiasi. Kuingia kunahitaji maandalizi, na maandalizi hayo ndiyo kazi ya kamati yako.

Ushauri wangu wa kwanza ni huu: msianzie kwenye kompyuta. Anzieni vijijini. Orodha ya Tume itawasaidia sana kwa Vita vya Pili. Kwa wachukuzi wa Vita vya Kwanza mkianza nayo mtakata tamaa wiki ya kwanza, halafu mtu atasema "hakuna kumbukumbu," na kamati itakufa. Kumbukumbu zipo, ila zimekaa vinywani mwa watu ambao hakuna aliyewauliza.

Na namna ya kuuliza ina uzito wake. Mkimkalisha mzee mkamuuliza, "Nani wa ukoo huu alikufa vitani?" atawatajia askari wa Keya (jeshi la King's African Rifles), mwenye buti na kofia. Mchukuzi hatamtaja, kwa sababu katika masimulizi ya nyumbani mchukuzi hakwenda vitani, alichukuliwa. Basi ulizeni, "Nani alichukuliwa asirudi?" Nimeona mara nyingi swali la kwanza likipata kimya na la pili likipata majina matatu kwa mpigo. Waulizeni akina mama wazee, tena kwa faragha ikiwezekana. Wao ndio walioambiwa na mama zao habari za mjane aliyesubiri, za watoto waliolelewa kwa mjomba, za mtoto aliyepewa jina la asiyerudi. Majina ya Kitaita yanarudi kwa wajukuu, kwa hiyo jina ambalo limekatika ghafla katika nyumba moja, au limerudi kwa nguvu katika nyumba nyingine, lifuatilieni. Na msiwasahau vijana waliochukuliwa kabla ya kuoa. Hao hawana mjukuu wa kuwasemea, watakumbukwa na nyumba za ndugu zao tu, kama watakumbukwa.

Liko swali jingine ambalo ni la Taita hasa. Mababu zenu walikuwa na ukumbusho wao kabla Tume yoyote haijazaliwa. Baada ya mazishi na muda wake kupita, kichwa cha marehemu kilitolewa kaburini kikawekwa pamoja na vya wazee wake chini ya mwamba, kila kichuku (ukoo) na mahali pake. Mila hiyo ilikuwa bado hai miaka ya vita, ingawa Ukristo ulikuwa umeanza kuipunguza. Mtu aliyefia Rufiji hakuwekwa pangoni. Waulizeni wazee wa kichuku: katika rika lile ni nani ambaye hakuwekwa, na kwa nini? Ulizeni tu. Msiende mapangoni na kamera, wala msiwapeleke wanafunzi. Mahali pale pana wenyewe.

Kwa kupata mwaka, acheni kalenda, tumieni matukio. Njaa ya Mwakisenge ni miaka ya 1880. Reli ilipita Voi kuelekea Tsavo karibu na 1898. Mafua makubwa yaliua watu mwishoni mwa 1918. Ukiambiwa fulani "alikuwa mtoto wa kubebwa wakati wa Mwakisenge," una mtu wa miaka thelathini na ushei wakati wa ukamataji wa 1917. Ukiambiwa alichukuliwa "Wajerumani wakiwa bado Taveta," basi ni kabla ya Machi 1916, na huenda alibebea kambi za Maktau na Mbuyuni, karibu kabisa na kwao.

Kila jina liandikwe pamoja na jina la baba yake, kichuku, kijiji, aliondoka na nani, alionekana wapi mara ya mwisho, na nani anayesema hayo na aliyasikia kwa nani. Hilo la mwisho ndilo kamati nyingi huliacha, na ndilo linalotofautisha orodha yenye uzito na orodha ya kutajana. Jina lililotajwa na nyumba mbili ambazo hazikukaa pamoja kupanga hadithi liwekeeni alama. Lililotajwa na mtu mmoja liandikeni pia, ila lionekane kuwa bado ni la mmoja. Msilifute, wala msilipandishe cheo kwa huruma.

Mkishakuwa na majina hamsini, sitini, ndipo mwende kwenye makaratasi. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Moi Avenue, Nairobi, ina taarifa za kila mwaka za maofisa wa wilaya. Tafuteni pia kwa tahajia ya zamani, "Teita," maana ndivyo walivyoandika. Humo mtakuta idadi ya waliochukuliwa na majina ya machifu waliotoa watu, na pengine malalamiko ya mishahara. Mishahara, Mwalimu, ni habari chungu. Mchukuzi aliyekufa alikuwa anadai, na pale ndugu zake walipokosa kupatikana, au walipokosa kutafutwa kwa bidii, fedha zile zilibaki serikalini. Oscar Watkins, aliyekiongoza kikosi cha wachukuzi, alipigania malipo hayo kwa miaka bila kufanikiwa. Familia inayosema "mzee alikwenda boma kudai pesa ya kaka yake akafukuzwa" inawapa ushahidi mwingine wa kifo, na huenda boma liliandika ziara ile.

Msiyapite makanisa. Wakatoliki walikuwa Bura tangu karne ya 19, na Waanglikana walikuwa Sagalla na baadaye Mbale na Wusi. Vitabu vya ubatizo na ndoa vya miaka ya 1918 hadi 1925 vikaguliwe kwa utulivu, kwa idhini ya paroko au kasisi. Mjane aliyetaka kuolewa tena kanisani alilazimika kueleza mume wa kwanza yuko wapi, na jibu lake mara nyingine liliandikwa. Ni kazi ya kuchosha macho, lakini mstari mmoja wa namna hiyo una nguvu kuliko kurasa kumi za hotuba. Kule Uingereza, kwenye hifadhi ya taifa ya Kew, ziko shajara za vita za vikosi na barua za serikali ya koloni. Huko msitarajie majina ya wachukuzi. Zitawasaidia kujua kikosi kipi kilikuwa wapi mwezi gani, na hilo litawapa uwezo wa kupima masimulizi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuniuliza, nami siwezi kulinyamazia. Mpaka wa orodha yenu ni upi? Mkiandika "waliokufa wakilitumikia jeshi la Uingereza" mtawaacha nje watu wenu wa makundi mawili muhimu.

Wa kwanza ni watu wa Kasigau. Agosti 1915 Waingereza waliwashuku kuwa wamewasaidia Wajerumani. Vijiji vyao vilichomwa, wakahamishwa kwa nguvu, wazee, wanawake na watoto, wakapelekwa Malindi, kwenye joto na malaria ambayo miili ya watu wa mlimani haikuizoea. Wengi walifia huko. Waliobaki hawakuruhusiwa kurudi mlimani kwao hadi miaka ya 1930. Hawakuvaa sare, hawakubeba mzigo wa jeshi, na kwa vigezo vya Tume hawaingii. Kwa vigezo vya kaunti yenu, naona hakuna anayestahili kuingia kabla yao. Nendeni Rukanga, Bungule, Makwasinyi, Jora, Kiteghe, mkawasikilize. Mkirudi bila majina yao, orodha yenu itakuwa imerudia kosa lile lile la maofisa wa koloni, safari hii kwa mkono wa wenyeji.

Wa pili ni wale wa upande wa Taveta waliobebeshwa mizigo na Wajerumani katika ile miezi 19. Wao pia walikamatwa, na wao pia wengine hawakurudi. Mchukuzi hakuchagua bendera. Waandikeni, na mbele ya jina mseme walichukuliwa na nani.

Kuhusu Vita vya Pili nitakuwa mfupi, kwa sababu njia imelimwa zaidi. Kenya ilitoa watu karibu 100,000, na safari hii askari waliandikwa kwa majina, ingawa si bila makosa. Hapo orodha ya Tume ni rafiki. Tafuteni kwa tahajia mbovu kwa makusudi. Karani wa Kiingereza hakuisikia "gh" yenu, kwa hiyo Mghanga aliweza kuwa Mganga. "Mwa" huweza kukatwa ikawa neno peke yake, na jina la baba huweza kukaa mahali pa jina la mtu. Andikeni sehemu ya jina tu, kisha mchuje kwa kikosi na mwaka.

Masimulizi ya nyumbani hapa hugawanyika mara tatu. Wakisema alifia "Habeshi" au mpakani, angalieni mwaka 1940 na 1941, na makaburi ya Kenya, Somalia na Ethiopia. Wakisema "Bama," ni Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyoteremka bonde la Kabaw mwaka 1944. Ambao makaburi yao hayakupatikana, majina yao yako kwenye nguzo za Ukumbusho wa Rangoon, ndani ya makaburi ya Taukkyan, Myanmar. Na wakisema "alizama na meli," hapo moyo wangu hushtuka kila mara, kwa sababu najua tarehe kabla hawajamaliza. Meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa mwanzoni mwa Februari 1944 ikielekea Colombo, imebeba Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki pamoja na wanajeshi wengine na wauguzi. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, manowari ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili, ikazama kwa dakika chache. Kati ya watu zaidi ya 1,500 waliokuwamo, 1,297 walikufa. Askari wa Afrika Mashariki waliozama wameandikwa kwenye Ukumbusho wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi. Hapo mwanafunzi wako anaweza kuweka kidole juu ya jina. Wapelekeni. Watoto waliosoma majina ya wageni Voi na Taveta wanahitaji kusoma ya kwao mahali fulani, hata kama ni ya vita vile vingine.

Kuhusu mnara: subirini. Najua wenzako watakasirika, na najua mwanasiasa akipatikana jiwe la msingi litawekwa kesho. Mnara usio na majina tunao tayari, tena mitatu, na umri wake unakaribia miaka mia. Januari 2025 Tume ilizindua ukumbusho Cape Town kwa ajili ya zaidi ya watu 1,700 weusi wa Afrika Kusini waliofia vitani wakiwa vibarua wa jeshi, wasio na kaburi linalojulikana. Kila mtu amesimamishiwa nguzo yake ya mbao ngumu, na juu yake jina lake na tarehe ya kifo. Naupenda kwa sababu umeanza na majina, na umbo likafuata. Ninyi mkifika hapo, chagueni umbo linalokubali kuongezwa, kwa kuwa majina yataendelea kuja miaka ishirini baada ya uzinduzi. Ukuta wa zege uliochorwa ukajaa humwambia anayechelewa kwamba nafasi imekwisha.

Na maneno ya mnara yaandikwe kwa uaminifu. Tafadhali msiandike kwamba wachukuzi "walijitolea mhanga kwa ajili ya nchi yao." Wengi walikamatwa usiku au walitolewa na chifu. Andikeni "walichukuliwa." Neno hilo wazee wenu wamelitumia kwa miaka mia moja na linatosha. Wako wa Keya waliojiandikisha kwa hiari yao, na hao wapewe heshima ya hiari yao.

Mtakapokuwa tayari kuipelekea Tume majina, kumbukeni tarehe zao. Kwa Vita vya Kwanza wanahesabu waliokufa kati ya 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921. Kwa Vita vya Pili, kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Aliyekufa akiwa bado kazini anahesabiwa kwa sababu yoyote ile, ugonjwa ukiwemo. Aliyekuwa ameachishwa anahesabiwa ikiwa kilichomuua kilitokana na utumishi wake. Bado wanaupa uzito ushahidi wa maandishi, ndiyo maana nimewasukuma makanisani na kwenye nyaraka za wilaya.

Sasa baba wa babu yako. Waingereza waliingia Kilwa mwezi wa Septemba 1916 wakaifanya kituo kikubwa cha bahari, na mwaka 1917 ndio mizigo mingi ilipopanda kutoka pale kwenda bara. Kuhara damu ndiyo iliyokuwa ikiwamaliza wachukuzi. Kwa maneno yale matatu, Kilwa na kuharisha damu, familia yenu imewatajia mahali, sababu, na karibu mwaka. Aliyeyaleta ni shahidi aliyekuwepo, tena ndugu wa tumbo moja. Katika orodha yenu mstari wake utakuwa: jina lake, jina la baba yake, kichuku, Bura, alichukuliwa pamoja na mdogo wake, alifariki Kilwa kwa kuhara damu, huenda 1917, habari imeletwa na mdogo wake. Huo ni mstari uliokamilika kuliko mingi niliyowahi kuiona. Waulize wazee mambo mawili zaidi: je, mdogo alimzika au alimwacha hospitalini angali hai? Na je, alirudi na kitu chochote cha kaka yake, kibati chenye namba, blanketi, fedha?

Kisha waulize na la tatu, ambalo naona hakuna aliyelifikiria. Yule mdogo mwenyewe alikufa lini? Wengi walirudi wakiwa mifupa mitupu, wakafia nyumbani baada ya mwaka mmoja au miwili. Ikiwa naye alifariki kabla ya Agosti 1921 kwa ugonjwa alioutoa huko, basi nyumba yenu haina jina moja la kutafuta, ina mawili.